Daktari Anajibu: Kumtunza Mtoto Mchanga Pasipo na Mashine Ghali

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji kuuliza kuhusu huduma za watoto wachanga, hasa watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati, katika hospitali zilizo mbali na miji. Barua zilizofika ni nyingi kuliko nafasi ya safu hii, kwa hiyo zile zilizouliza jambo moja nimeziunganisha. Mwaka 2022 watoto takriban milioni 2.3 walifariki duniani kote kabla ya kutimiza siku 28, na wengi wao waliondolewa na mambo matatu: kuzaliwa kabla ya wakati, kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na maambukizi. Kwa sehemu kubwa mambo hayo yanazuilika au yanatibika bila jumba la ghorofa. Nimeona hata hivyo kwamba barua nyingi zinauliza kinunuliwe kifaa gani, na chache sana zinauliza ni nani atakayekuwa macho saa tisa za usiku karibu na mtoto. Msomaji asishangae basi akiona majibu yangu yakirudi mara kwa mara kwenye hilo la pili.

Fedha zetu zinatosha inkubeta moja. Tuinunue?

*Mimi ni katibu wa hospitali ndogo ya wilaya. Mfadhili ametupatia fedha zinazotosha inkubeta moja. Madaktari wetu wanaitaka, lakini muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi anapinga na kusema heri tununue vitanda vya kinamama. Nimsikilize nani?*

Msikilize muuguzi mkuu.

Inkubeta yenyewe si adui. Daktari Stéphane Tarnier alipoiingiza katika hospitali ya wazazi ya Paris mwanzoni mwa miaka ya 1880, iliokoa watoto ambao kabla ya hapo walikuwa wakifa kwa baridi. Kazi yake kubwa ni kumpa joto mtoto ambaye hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na huifanya vizuri pale penye umeme usiokatika, fundi wa kubadilisha kihisi joto kinapoharibika, na muuguzi mwenye muda wa kuiosha kila mtoto mmoja anapotoka na kabla ya mwingine kuingia. Pasipo na hayo, hugeuka sanduku. Katika wodi moja nimewahi kuona inkubeta yenye watoto watatu, umeme umekatika, vidirisha vyake vimefungwa, na kikohozi cha mama mmoja kimekwisha kuwa ugonjwa wa watoto wote watatu.

Uhaba wa namna hiyo ndio uliozaa njia tunayoiita kangaruu. Mwaka 1978, katika hospitali ya wazazi iliyofurika mjini Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria aliona kwamba inkubeta hazitoshi, watoto wanachangia, na maambukizi yanawamaliza. Akaanza kuwaweka watoto njiti kifuani kwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakinyonya maziwa ya mama na kuruhusiwa mapema kurudi nyumbani kwa ufuatiliaji wa karibu. Kwa miaka mingi waliofuata njia hiyo walisubiri kwanza mtoto atulie, yaani apumue vizuri na awe amevuka siku zake za hatari zaidi, ndipo apelekwe kifuani. Tatizo ni kwamba siku hizo za kusubiri ndizo ambazo watoto wengi hufariki.

Shirika la Afya Duniani likaratibu utafiti katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, likihusisha watoto wenye uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Nusu yao waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, na nusu walisubiri mpaka watulie kama ilivyokuwa desturi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba katika siku 28 za kwanza walifariki asilimia 12.0 ya waliowekwa kifuani mapema, dhidi ya asilimia 15.7 ya waliosubiri. Tofauti hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa haki kuendelea kuwasubirisha wengine. Mwaka 2022 shirika hilo likabadilisha mwongozo wake: mtoto njiti au mwenye uzito pungufu aanze kangaruu mapema iwezekanavyo, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Wanaobaki nje ni wale ambao hali yao ni mbaya mno, kwa mfano mtoto asiyeweza kupumua mwenyewe hata baada ya kusaidiwa, mtoto aliye katika mshtuko wa mwili, yaani damu yake haizunguki ipasavyo, au anayehitaji kupumuliwa na mashine.

Sasa, ndugu katibu, usome utafiti huo kwa makini kabla ya kuwaambia madaktari wako kwamba kifua cha mama kinatosha kwa kila kitu. Watoto wale hawakuachwa kifuani tu. Wodi zao zilikuwa na oksijeni, vifaa vya kusaidia kupumua, dawa, na wauguzi wanaojua kazi. Kilichobadilika ni kwamba mama naye aliingia katika wodi ya mtoto, akapewa kitanda chake humo humo, na huduma yake ya baada ya kujifungua ikamfuata hapo hapo badala ya yeye kulazwa jengo lingine. Kwa hiyo kitanda anachokidai muuguzi wako ni sehemu ya tiba, na mimi ningekihesabu hivyo hivyo hata mbele ya mfadhili. Ongeza viti vya kuegemea, choo na bafu karibu na wodi, kofia za watoto, vipimajoto vya kutosha, na chakula cha mama anayelazwa kwa wiki tatu. Mama mwenye njaa, anayekwenda mwendo mrefu kutafuta choo usiku, hatamkalisha mtoto kifuani saa nane, achilia mbali ishirini.

Na kwa kuwa barua nyingine tatu zimeuliza namna ya kumweka: mtoto awe wima katikati ya matiti, amevaa nepi, kofia na soksi tu, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili njia ya hewa isikunjike, miguu imekunjwa kama ya chura. Kitambaa kinachomshika kifike chini ya sikio lake, kikaze kifuani lakini kisimbane tumbo. Ukiona pua na mdomo wake bila kufunua chochote, umemweka vizuri.

Je, baba anaweza?

*Mke wangu alijifungua kwa upasuaji na bado hajiwezi. Mtoto ana kilo 1.7. Nimeambiwa wodi hiyo haiingii wanaume. Je, kifua changu hakifai?*

Kinafaa. Kinachohitajika ni ngozi yenye joto na mtu mwenye afya aliyeoga, aliyenawa mikono, asiye na kikohozi wala upele, na asiyevuta sigara. Mama ndiye bora, kwa kuwa ana maziwa na mwili wake umekwisha zoeana na mtoto, lakini pale asipoweza, baba, bibi au shangazi hushika zamu. Wodi inayomfungia baba nje kwa kuhofia faragha ya kinamama ina hoja ya kusikilizwa; hata hivyo pazia ni rahisi kupatikana kuliko dawa za kumtibu mtoto aliyepata baridi. Muone muuguzi wa zamu kwa upole na umwombe kona.

Mashine ya mapovu

*Shikamoo Daktari. Mimi ni muuguzi katika wodi ya watoto wachanga. Njiti wetu wengi wanapumua kwa shida siku ya kwanza, na tuna mtungi mmoja wa oksijeni. Nimeona picha za mashine ya mapovu iliyotengenezwa kwa chupa ya maji na mipira ya kawaida. Je, nasi tuitengeneze?*

Marahaba. Swali lako ni zuri, na jibu lake lina sehemu mbili ambazo zikitenganishwa huleta madhara.

Mapafu ya mtoto aliyezaliwa mapema hayajatengeneza vya kutosha yale majimaji yanayozuia vifuko vya hewa visigandamane. Kila anapotoa pumzi, vifuko hujifunga, na kila anapovuta hulazimika kuvifungua upya, kama mtu anayepuliza puto jipya kila sekunde. Anachoka, kisha anaacha. Tukimpa hewa yenye shinikizo dogo lisilokatika kupitia puani, vifuko hubaki wazi kidogo na kazi yake hupungua. Mwaka 1971 daktari George Gregory na wenzake wa Marekani walionyesha kwamba shinikizo hilo linaokoa watoto wachanga. Katika mashine ya mapovu, mpira unaotoka kwa mtoto huzamishwa ndani ya maji. Ukizamishwa sentimita 5, shinikizo huwa sentimita 5 za maji, na mapovu yanayochemka humwambia muuguzi kwamba hewa inapita. Mapovu yakinyamaza, kuna mahali panapovuja au mpira umechomoka puani. Ni chombo kinachojieleza chenyewe, na ndiyo sababu kinazifaa hospitali ndogo.

Mjini Blantyre, Malawi, katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth, kifaa cha bei nafuu cha aina hiyo kilichobuniwa katika Chuo Kikuu cha Rice nchini Marekani kilijaribiwa kwa watoto wachanga wenye shida ya kupumua. Katika ripoti ya mwaka 2014, walionusurika walikuwa asilimia 71 ya waliotumia kifaa hicho na asilimia 44 ya waliopewa oksijeni ya kawaida ya puani. Watoto waliohusika walikuwa 87 tu, lakini tofauti hiyo haipuuziki.

Hiyo ni nusu ya kwanza. Nusu ya pili imetoka nchi hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwachunguza watoto wakubwa zaidi, wa mwezi 1 hadi miezi 59, waliokuwa na nimonia kali pamoja na hatari nyingine kama utapiamlo au virusi vya UKIMWI, katika hospitali ya wilaya ambako mashine ya mapovu iliendeshwa bila daktari wa kuisimamia kila siku. Huko walifariki asilimia 17 ya waliowekwa kwenye mashine, dhidi ya asilimia 11 ya waliopewa oksijeni ya kawaida. Watoto hao si njiti wako, na matokeo yao hayawezi kuhamishwa moja kwa moja. Lakini mimi huyasoma kila ninapoombwa kupeleka mashine mahali ambapo sijauliza bado nani yuko zamu.

Kuhusu kuitengeneza wenyewe, nakushauri msifanye hivyo kwa kuiga picha. Mtungi hutoa oksijeni tupu, isiyochanganywa na hewa, na oksijeni iliyozidi huharibu mishipa ya macho ya njiti. Katika miaka ya 1940 na 1950 maelfu ya watoto katika nchi tajiri walipofuka kabla ya sababu hiyo kutambuliwa. Mtoto njiti anayepewa oksijeni anapaswa kupimwa kwa kile kifaa kidogo kinachofungwa mguuni au mkononi, na kiwango cha oksijeni katika damu yake kibakie kati ya asilimia 90 na 95. Kikipanda zaidi ya hapo, oksijeni ipunguzwe. Isitoshe, gesi kavu na baridi hukausha pua mpaka ikachubuka na kutoa damu, na mpira uliokunjika pasipo na mahali pa kupumulia shinikizo unaweza kupasua pafu. Vifaa vya bei nafuu vilivyobuniwa na kupimwa vina kichanganyi cha hewa na mlango wa usalama. Tafuteni hivyo, mkitanguliza kifaa cha kupimia oksijeni ya damu, mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani badala ya kutegemea mtungi mmoja, na betri za kuibeba umeme unapokatika.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza. Kabla ya mapovu kuna mfuko na barakoa ya kumpumulisha mtoto ambaye hakulia alipozaliwa, na huo naamini mnao, labda ndani ya kabati lililofungwa kwa ufunguo. Mtoto akaushwe na kusuguliwa mgongoni. Asipopumua, aanze kupumulishwa kabla ya dakika moja kwisha, pumzi 40 hadi 60 kwa dakika, mkiangalia kifua kinainuka. Kwa mtoto aliyetimiza miezi yake, hewa ya kawaida inatosha kuanzia. Hospitali nane za Tanzania zilipowafundisha wakunga stadi hiyo kwa kutumia mwanasesere, vifo vya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama ilivyoripotiwa mwaka 2013. Mafunzo ya siku moja husahaulika, kwa hiyo mwanasesere akae mezani na kila zamu ianze kwa dakika chache za mazoezi.

Jua na manjano ya mtoto

*Daktari, mimi ni bibi mwenye wajukuu tisa. Huyu wa mwisho amekuwa wa manjano macho na ngozi tangu siku ya tatu. Nilimtoa juani asubuhi kama nilivyofanya kwa wenzake, nesi akanikemea mbele ya watu. Nimekosea nini?*

Bibi, shikamoo. Nesi alikuwa na haki ya kukuzuia, ila kukukemea mbele ya watu hakukuwa na haja, kwani wazo lako lina historia ya kuheshimika. Katika miaka ya 1950, katika hospitali ya Rochford nchini Uingereza, muuguzi aitwaye Jean Ward alikuwa na tabia ya kuwatoa njiti bustanini kupata jua. Siku moja mwaka 1956 akawaonyesha madaktari mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa imefifia manjano kila mahali isipokuwa pale palipofunikwa na shuka. Madaktari wakafuatilia, na mwaka 1958 wakachapisha habari za taa ya kwanza ya kutibu manjano. Taa zote za buluu zilizomo katika wodi leo ni matunda ya jicho la muuguzi yule.

Manjano haya, ambayo hayahusiani kabisa na homa ya manjano, hutokana na chembe nyekundu za damu zinazovunjika wakati ini la mtoto bado ni changa. Mwanga wa buluu hubadilisha rangi hiyo iliyo chini ya ngozi iweze kutoka kwa mkojo na haja kubwa. Jua nalo lina mwanga huo, lakini linakuja na miale inayounguza ngozi, hulijui kipimo chake, na mtoto aliyevuliwa nguo ama hupoa ama hupata joto kupita kiasi na kukaukiwa maji. Watafiti nchini Nigeria walitumia jua lililochujwa kwa mahema maalumu yanayozuia miale mibaya, na katika matokeo yao ya mwaka 2015 njia hiyo haikuwa duni kuliko taa. Lakini walikuwa na wauguzi wa kumpima mtoto joto kila mara, na damu yake ilipimwa pia. Jua la uani halina hayo.

Manjano mengi hupungua yenyewe. Usikae nyumbani, bibi, ikiwa yameanza ndani ya saa 24 za kwanza, ikiwa yamefika viganjani na nyayoni, au ikiwa mtoto amelegea, hataki kunyonya, analia kwa sauti nyembamba au anajikunja mgongo kwenda nyuma. Rangi hiyo ikiingia kwenye ubongo huacha ulemavu usiofutika.

Kwa wauguzi wanaosoma jibu hili juu ya bega la bibi: mirija ya taa za zamani huchakaa huku bado ikionekana ya buluu, kwa hiyo macho hayatoshi kujua kama taa bado inatibu, na panahitajika kipima mwanga. Taa za LED hudumu muda mrefu zaidi na hutumia umeme kidogo. Shusheni taa kwa umbali ulioandikwa na mtengenezaji, zungusheni shuka jeupe pembeni ili mwanga urudi kwa mtoto, na mfunike macho yake. Nimewahi kukuta taa nzuri imeninginizwa juu sana hivi kwamba dari ndiyo iliyokuwa ikitibiwa.

Kitovu kipakwe nini?

*Kila mtu ana dawa yake: majivu, mafuta, dawa ya meno, poda. Hospitali inasema nini?*

Inasema kisipakwe kitu. Kitovu kilichokatwa kwa wembe safi na kufungwa vizuri kiachwe kikauke wazi, juu ya mstari wa nepi. Pale ambapo desturi ya kupaka vitu hivyo ni ya nguvu na haiachiki kwa maneno, Shirika la Afya Duniani linakubali klorheksidini ya asilimia 4, dawa ya kuua vijidudu, itumike kila siku katika wiki ya kwanza, ili ishike nafasi ya majivu. Chupa yake iandikwe kwa herufi kubwa na itengwe na dawa za macho, kwa kuwa wapo watoto waliodhurika macho kwa dawa hiyo kukosewa na kudondoshewa machoni.

Maziwa hayatoki

*Nimejifungua mtoto wa kilo 1.6 siku mbili zilizopita. Hawezi kunyonya na mimi nikikamua napata matone tu. Mama wa kitanda cha pili ananiambia ninunue maziwa ya kopo. Nisaidie.*

Mama, matone hayo ndiyo yanayostahili kuwepo siku ya pili. Maziwa ya kwanza, dang'a, huwa machache na mazito, nayo yamebeba kinga ambayo kopo halina. Kwa njiti tofauti hiyo ni kubwa kuliko kwa mtoto mwingine yeyote, kwani maziwa ya kopo huongeza hatari ya ugonjwa mbaya wa kuoza kwa utumbo.

Kutonyonya kwake hakutokani na kosa lako. Mtoto hupata uwezo wa kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio karibu na wiki ya 34 ya mimba. Kabla ya hapo hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, kisha kwa kikombe kidogo, kisha titi. Chupa yenye chuchu haihitajiki popote katika safari hiyo na ni ngumu kuisafisha.

Kamua kwa mkono angalau mara nane kwa siku, na usiache usiku. Nawa mikono, kanda titi taratibu, weka kidole gumba juu na vidole vingine chini ya sehemu nyeusi, bana kuelekea kifuani kisha achia. Fanya hivyo mtoto akiwa kifuani au mara tu baada ya kumtoa, kwani mguso wake huita maziwa. Ili usikate tamaa, tazama hesabu yenyewe: siku ya kwanza mtoto kama wako kwa kawaida hupewa takriban mililita 60 kwa kila kilo, yaani mililita 96 kwa siku, sawa na mililita 12 kila saa tatu. Kiasi hicho hakijai vijiko vitatu vya chai. Kitaongezeka siku hadi siku, na maziwa yako kwa kawaida huongezeka nayo. Muulize muuguzi mtoto anapewa mililita ngapi leo, uandike mwenyewe. Kama bado hayatoshi, wodi itaamua cha kuongeza kwa kipimo, ikianza na maziwa ya mama mwingine yaliyohakikishwa usalama wake kama yapo.

Bohari ya mashine zilizokufa

*Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Bohari yetu imejaa mashine za msaada ambazo hazifanyi kazi, na mwezi ujao shehena nyingine inakuja. Nifanyeje?*

Huko peke yako. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011, uliojumlisha orodha za vifaa tiba zaidi ya 112,000 kutoka nchi zenye rasilimali chache, ulikuta karibu asilimia 38 havifanyi kazi. Vingi havikufa kwa uzee. Viliungwa kwenye umeme usio wake, vilikosa kipuri kidogo, au vilikuja bila kitabu cha maelezo na bila mtu wa kuwafundisha watumiaji.

Mwombe mganga mfawidhi akuruhusu kumwandikia mfadhili kabla shehena haijapakiwa. Uliza volti na aina ya plagi; uliza kama mashine inahimili joto, vumbi na umeme unaopanda na kushuka; uliza vipuri na vichujio vya miaka miwili vinakuja pamoja nayo, na baada ya hapo vitanunuliwa wapi; uliza kama inatumia kitu cha kutupwa kila mgonjwa mmoja, maana mashine ya bure yenye mipira ya kununua kila wiki si ya bure. Majibu yakikosekana, kataeni kwa heshima. Najua kukataa zawadi kunaonekana ukosefu wa adabu, hasa mbele ya kamera, lakini wewe ndiye utakayeulizwa mashine itakapozima.

Usiku niko peke yangu

*Daktari, nina watoto kumi na wanane na zamu ya usiku ni yangu peke yangu. Kinamama hulala jengo la pili na huitwa kila saa tatu. Nianze na yupi?*

Anza na kupumua. Unapopokea zamu, kabla ya karatasi yoyote, wapitie wote kumi na wanane kwa macho: nani anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika, nani mbavu zinaingia ndani, nani anaguna, nani amebadilika rangi. Wale wadogo zaidi na waliozaliwa leo wahamishie karibu na meza yako. Raundi ya pili ni ya joto: kwapa liwe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5, na miguu ikiwa ya baridi usisubiri kipimajoto. Raundi ya tatu ni ya maziwa na dawa. Kati ya mtoto na mtoto, dawa ya mikono. Ichukue mfukoni, kwa sababu ukiitegemea ile ya ukutani utaisahau ufikapo kwa mtoto wa tano.

Kisha waombe wakubwa wako jambo moja, kwamba kinamama walale wodini. Najua litaonekana kama unawaongezea watu katika chumba kilichojaa. Lakini mama aliyefundishwa kumtambua mtoto anayepumua kwa kasi, aliyepoa, aliyeacha kunyonya au anayetingishika kwa degedege atakuita mapema kuliko raundi yako ijayo, na watoto kumi na wanane watakuwa na jozi kumi na nane za macho zaidi ya yako. Wafundishe mchana, wawili wawili, kitandani, na kila mmoja akuonyeshe mwenyewe namna ya kuhesabu pumzi.

Jambo la mwisho ni daftari. Kila asubuhi andika idadi ya watoto, idadi ya wauguzi, waliopoa chini ya 36.5, na waliofariki na saa yake. Usiandike malalamiko. Baada ya miezi mitatu, peleka kurasa hizo kwenye kikao cha uongozi na uombe zisomwe kwa sauti, kuanzia safu ya saa.